Mito Iliyofanywa Miungu: Kutoka Huang He ya Wachina Hadi Rufiji Yetu

Maji ya Rufiji yalipopanda mwezi Aprili 2024, yakafunika mashamba ya mpunga na mahindi na kuingia majumbani katika wilaya za Rufiji na Kibiti, maneno ya namna mbili yalisikika kwa wakati mmoja. Ya kwanza yalihusu mvua kubwa za mwaka ule na maji ya Bwawa la Julius Nyerere. Ya pili yalisemwa kwa sauti ya chini, barazani na visimani: mto umekasirika, wenyewe hawajapewa haki yao, wazee wa zamani walijua la kufanya. Katika baadhi ya familia jambo halikuishia kwenye maneno. Ulipitishwa mchango wa kuku, kaniki, unga, na fedha za mtaalamu atakayekwenda kuzungumza na mto.

Makala haya yanahusu imani hiyo, lakini yanaanzia mbali, katika China ya kale. Kwanza, ni vigumu kupata taifa jingine lililoishi kando ya mto wa hatari kwa muda mrefu kama Wachina na likaandika habari zake tangu zama hizo. Pili, Wachina wamekuwa watu wa kawaida katika miji yetu, na vijana wanaofanya kazi nao hutuuliza msikitini babu zao waliabudu nini. (Ile kauli mashuhuri ya kutafuta elimu hata China wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha, kwa hiyo siitegemei. Elimu ya historia haihitaji hadithi dhaifu ili iwe na faida.)

Mto wenyewe ni Huang He, maana yake Mto wa Manjano. Urefu wake unakaribia kilomita 5,500, na rangi yake inatokana na udongo mwingi unaobebwa na maji. Udongo huo ukifika kwenye nchi tambarare hutua chini, kitako cha mto kikainuka mwaka hadi mwaka, hata mahali pengine mto ukawa unapita juu kuliko mashamba yaliyo pembeni yake, umezuiwa na matuta tu. Tuta likipasuka, nchi nzima huwa bahari. Mara nyingi katika historia mto huo umehama njia yake kabisa na kutafuta mlango mwingine wa kuingilia baharini. Sisi wa delta, ambao tumeona milango ya mto ikijaa mchanga na mingine ikifunguka, tunaweza kuelewa jambo hilo bila maelezo mengi.

Kando ya mto huo uliinuka ufalme wa Shang, takriban mwaka 1600 hadi 1046 kabla ya Nabii Isa (a.s.). Habari zake zilijulikana kwa njia ya ajabu. Katika maduka ya dawa za kienyeji ya China ilikuwa ikiuzwa mifupa iliyoitwa mifupa ya joka, inayosagwa na kunywewa na wagonjwa. Mwaka 1899 mwanazuoni aitwaye Wang Yirong alitambua kwamba baadhi ya mifupa ya namna hiyo ina maandishi ya kale. Uchimbaji rasmi ulianza mwaka 1928 karibu na mji wa Anyang, na mpaka leo vimepatikana zaidi ya vipande laki moja vya mifupa ya mabega ya ng'ombe na magamba ya kasa. Ilikuwa ramli ya wafalme. Mfupa ulichomwa kwa kitu cha moto hadi ukapasuka, mfalme akasoma ule ufa, na swali likachongwa palepale: mvua itanyesha? Mavuno yatakuwa mema? Jino linaloniuma ni adhabu ya babu yupi? Mfupa mmoja unahusu uzazi wa Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding. Umeandikwa kwamba matokeo hayakuwa mazuri, kwa sababu mtoto alizaliwa wa kike. Msomaji atawakumbuka Waarabu wa zama za ujahilia, na nyuso zao zilivyosawijika kwa habari kama hiyo.

Imani ya watu wa Shang ina jambo ambalo mwanafunzi wa tauhidi hawezi kulipita. Juu ya vyote walimweka mmoja waliyemwita Di, au Shangdi, mwenye amri juu ya mvua, upepo, ushindi na njaa. Lakini walimwona yuko mbali mno, asiyeendewa na mtu wa kawaida wala hata na mfalme moja kwa moja. Kwa hiyo sadaka zao nyingi zilikwenda kwa mababu waliokufa, wakitarajiwa kuwaombea kwake. Maquraishi hawakuwa na hoja tofauti. Na mzee wa Rufiji anayesema Mungu yupo lakini mambo ya mto tuwaachie mizimu anasimama palepale, bila kuwahi kusikia jina la Shang.

Mto nao ulipewa sadaka. Mifupa inataja ng'ombe waliozamishwa majini kwa ajili yake, na kuna nyakati ambapo waliotolewa ni wanadamu.

Walipokuja watawala wa Zhou, mwaka 1046 kabla ya Nabii Isa, walianza kusema zaidi juu ya Mbingu, kwa Kichina Tian, na kwamba Mbingu humpa mtawala amri ya kutawala na humnyang'anya akidhulumu. Mafuriko makubwa yalihesabiwa kuwa dalili kwamba mfalme amepoteza kibali. Mawazo hayo yaliishi China kwa takriban miaka elfu tatu, na yastahili makala yake peke yake.

Yu na baba yake

Kisa cha gharika cha Wachina si cha jahazi. Wanasimulia kwamba katika zama za wafalme wa mwanzo maji yaliifunika nchi, na mtu aitwaye Gun akapewa kazi ya kuyazuia. Gun alijenga matuta na kuta kwa miaka tisa. Katika simulizi nyingine aliiba mbinguni udongo wa ajabu unaojiongeza wenyewe, akauziba mto nao. Maji yakapanda, kuta zikavunjika, Gun akauawa kwa kushindwa kwake. Mwanawe Yu akapewa kazi ileile, naye hakujenga kuta. Alichimba njia za maji, akaufuata mto kama unavyotaka kwenda, akayafungulia maji milango hadi baharini. Kazi hiyo ilimchukua miaka 13, na wasimulizi husema alipita mara tatu mbele ya mlango wa nyumba yake bila kuingia, hata mara moja alipomsikia mwanawe mchanga akilia ndani. Kisha akawa mfalme, na ufalme wa Xia ukahesabiwa kuanza naye.

Je, Yu aliishi kweli? Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Wu Qinglong walichapisha katika jarida la Science ushahidi wa maporomoko ya ardhi yaliyoziba Huang He katika bonde la Jishi, kisha ziwa lililojikusanya nyuma yake likapasuka na kuleta mafuriko makubwa, takriban mwaka 1920 kabla ya Nabii Isa. Wako waliopinga tarehe hiyo na kuihusisha gharika hiyo na Yu. Kwangu mimi lenye uzito zaidi ni kile ambacho kisa kinakiheshimu. Katika simulizi la Gun, hata udongo wa muujiza haukufaa kitu. Mwanawe alishinda kwa kuujua mto.

Kisa cha Ximen Bao kiko karibu zaidi na maisha ya familia. Yeye alikuwa mkuu wa wilaya ya Ye, katika dola ya Wei, karne ya tano kabla ya Nabii Isa, na habari yake imehifadhiwa katika Shiji, kitabu kikubwa cha historia kilichoandikwa na Sima Qian na kuongezewa na waliokuja baada yake. Alipofika kazini aliwauliza wazee kinachowasumbua. Wakamwambia: kumwoza mungu wa mto. Kila mwaka wakubwa wa wilaya, wakishirikiana na waganga wa kike, walichangisha watu fedha nyingi, wakatumia sehemu ndogo kwa sherehe na kugawana iliyobaki. Kisha walipita nyumba kwa nyumba kutafuta binti mzuri wa familia maskini. Akaogeshwa, akavishwa hariri mpya, akapambwa kama bibi harusi, akawekwa juu ya kitanda na kusukumwa mtoni, kikaelea kidogo kabla ya kuzama. Wazazi wenye mabinti walikuwa wakihama usiku, na mji ukabaki mtupu na fukara.

Siku ya sherehe Ximen Bao alikwenda mtoni pamoja na watu elfu kadhaa waliokuja kutazama. Akaomba amwone bibi harusi. Akasema huyu hafai kwa uzuri, tafadhali mganga mkuu aende akamwambie bwana wa mto asubiri, tutamletea mwingine. Askari wakamtupa mganga mkuu majini. Wakangoja. Mjumbe akawa amechelewa, basi akatumwa mwanafunzi wake amhimize, kisha wa pili, kisha wa tatu. Nao hawakurudi. Zamu ikafika kwa wakubwa waliokuwa wakikusanya fedha. Waliobaki walianguka kifudifudi wakigonga vichwa chini hadi damu ikatoka, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kutaja ndoa ya mto. Baada ya hapo Ximen Bao aliwaongoza watu kuchimba mifereji 12 ya kumwagilia mashamba.

Sheria yetu isingemruhusu hakimu kuzamisha watu kwa namna ile, na mzazi atakayewasimulia watoto kisa hiki aliseme hilo. Lakini aangalie pia palipoanzia kero ya wazee wa Ye. Walianza na hesabu: fedha zilizochangwa, zilizotumika, na zilizoingia mifukoni mwa watu.

Aliyesoma tarehe ya Kiislamu atakumbuka kisa cha mto Nile, kwamba watu wa Misri walimweleza Amr ibn al-As (r.a.) desturi yao ya kutupa binti bikira mtoni ili maji yajae. Akawakatalia, maji yakapungua, akamwandikia Khalifa Umar ibn al-Khattab (r.a.), naye akaleta kikaratasi cha kutiwa mtoni, kinachosema kwa maana yake kwamba mto ukiwa unatiririka kwa amri yake wenyewe basi hauhitajiki, na kwamba mwenye kuombwa ni Allah. Kisa hicho kimo katika kitabu cha Ibn Abd al-Hakam juu ya ufunguzi wa Misri. Isnadi yake ina udhaifu, kwani yumo Ibn Lahia na yumo mpokezi asiyetajwa jina. Ni kisa kizuri kwa mimbari, lakini mwenye kukitumia aiseme hali yake. Na kwa kuwa bwawa letu limejengwa na kampuni za Kimisri, huenda mafundi wao walikisikia tangu utotoni.

Waliovunja sanamu wakafanywa sanamu

Katika jimbo la Sichuan, takriban mwaka 256 kabla ya Nabii Isa, liwali aitwaye Li Bing aliugawa mto Min mara mbili mahali paitwapo Dujiangyan, upande mmoja ukaenda mashambani na mwingine ukaendelea na safari yake. Hakujenga bwawa. Alitumia vikapu virefu vya mianzi vilivyojazwa mawe, na mlima uliozuia maji ukakatwa. Mradi huo unafanya kazi mpaka leo, na mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Inasimuliwa kuwa aliweka majini sanamu tatu za watu wa mawe kuwa vipimo: maji yasishuke chini ya miguu yao, wala yasipande juu ya mabega.

Huyo Li Bing alijengewa hekalu. Ximen Bao, aliyekomesha ndoa ya mungu wa mto, naye akajengewa mahali pa ibada. Yu akafukiziwa uvumba. Mwaka 1974 katika kitako cha mto pale Dujiangyan lilipatikana sanamu la jiwe la Li Bing, limeandikwa tarehe inayolingana na mwaka 168 baada ya Nabii Isa. Kutoka kazi yake hadi sanamu hilo ni karne nne na ushei.

Baharini ilikuwa vivyo hivyo. Mabaharia wa China walimwomba mungu wa kike waitwaye Mazu au Tianfei, na simulizi zao wenyewe zinasema alikuwa binti wa familia ya Lin katika kisiwa cha Meizhou, aliyezaliwa mwaka 960 na kusifika kwa wema. Hata jemadari Zheng He, mzaliwa wa familia ya Kiislamu ya Yunnan ambaye baba yake aliitwa Haji, na ambaye merikebu zake zilifika pwani yetu hadi Malindi mwanzoni mwa karne ya 15, alisimamisha maandishi ya shukrani kwa Tianfei mwaka 1431. Kwa nini alifanya hivyo, kwa amri ya dola, kwa kuwaridhisha mabaharia au kwa imani, Allah ndiye ajuaye. Vigae vya vyombo vya China vya zama hizo bado vinaokotwa Kilwa na Kua, jirani zetu wa bahari.

Ibn Abbas (r.a.), katika riwaya iliyomo ndani ya Sahih al-Bukhari, ameeleza kwamba Wadd, Suwaa na wenzao katika kaumu ya Nuhu (a.s.) walikuwa majina ya watu wema. Walipokufa watu waliwawekea alama za kuwakumbuka. Kizazi kilichojua sababu kilipoondoka, alama zikaabudiwa. Sijui mfano wa maelezo hayo ulio wazi kuliko mito ya China.

Hongo na Bokero

Sasa turudi nyumbani. Kabla ya Wajerumani, na katika zama zao za mwanzo, watu wa bonde la Rufiji na Umatumbi walijua mahali paitwapo Kibesa, kando ya mto, palipokuwa na mizimu ya Bokero. Watu walisafiri kutoka mbali kuomba mvua, uzazi na mavuno, na hawakuja mikono mitupu. Chini ya Bokero kulikuwa na pepo wa maji aitwaye Hongo, ambaye katika baadhi ya masimulizi ni nyoka mkubwa. Uluguru walikuwa na Kolelo, naye nyoka. Wachina walimpa joka mamlaka ya mito na mvua. Anayedhani kuwa imani za mto za Rufiji ni ushenzi wa Kiafrika peke yake, kama walivyoandika baadhi ya wakoloni, hajasoma historia ya mataifa.

Mwaka 1904, pale Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alichukuliwa na Hongo. Wazee waliohojiwa na mwanahistoria Gwassa katika miaka ya 1960 walisimulia kwamba alizama katika kidimbwi cha mto na kutoka siku iliyofuata akiwa mzima. Umati ulimiminika kwake. Aliwapa maji yaliyochanganywa na nafaka, na ahadi kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Tusisahau kilichowasukuma: kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kodi na viboko. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Muhoro. Vita viliendelea hadi mwaka 1907, na makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma vyakula na mashamba, ni kuanzia 75,000 kwa hesabu za Wajerumani hadi zaidi ya 250,000 kwa hesabu ya Gwassa.

Nina heshima kwa watu wale. Waliunganisha makabila yaliyokuwa hayajawahi kuungana, na dhuluma waliyoipinga ilikuwa dhuluma. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969, aliweka mzigo wa lile neno lenyewe mbele ya mtazamaji, na wanafunzi wetu wa sekondari wangefaidika kuisoma pamoja na wazazi wao. Lakini maji hayakuzuia risasi. Kumheshimu babu hakuhitaji kusema kwamba yalizuia.

Na walikuwepo Warufiji wengine wasiotajwa katika vitabu vya vita, ambao ndio akina Yu wetu. Walijenga madungu, zile nyumba za juu ya nguzo zinazomwezesha mkulima kukaa shambani maji yakipita chini. Walijua mlao, yaani kupanda katika unyevu unaobaki mafuriko yakiondoka. Walijua kwamba mwaka usio na maji katika maziwa kama Ruwe, Zumbi na Utunge ni mwaka wa uchache wa samaki. Kwao mafuriko hayakuwa balaa tupu, yalikuwa pia mbolea. Serikali ilipowahamisha wakazi wengi wa bondeni kwenda vijiji vya mwinuko mwishoni mwa miaka ya 1960, wengi waliendelea kurudi kila msimu, kwa kuwa ardhi ya huko juu haikuwa na rutuba ile. Elimu hiyo ya wazee si shirki, na kijana wa madrasa anayeicheka pamoja na tambiko amechanganya mambo mawili.

Inabaki hali ya mama aliye nyumbani peke yake, mume yuko Nyamisati au Dar es Salaam, mchango wa tambiko unapobishwa hodi, na anayeuleta ni mjomba wa mumewe. Si rahisi, na khatibu anayesema ni rahisi hajawahi kuolewa ukweni. Ampe mzee shikamoo yake na kiti, amsikilize, kisha amwambie: "Mjomba, cha mto sina, ila kama kuna nyumba iliyozama unga huu upeleke huko." Tumeona jibu hilo likipokelewa bila ugomvi. Wapo wazee ambao kwa kweli walikuwa wakitafuta kufanya jambo lolote, wasikae bure wakitazama maji.

Kwa upande wetu, kamati ya msikiti imefungua daftari kabla ya masika. Zimeandikwa nyumba za bondeni zenye wajane, wazee na wagonjwa, nani ana simu ya kupokelea tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, msahafu na vyeti vya watoto vihifadhiwe kwa nani, na nani ana mtumbwi unaoweza kuitwa usiku. Ukurasa wa mitumbwi ndio uliojaa kabla ya mingine.